Wote wanapiga picha ya kibao, mimi nakagua ribiti

Mara ya kwanza kufika Bösebrücke nilidhani nimepelekwa pabaya. Nilikuwa na miezi miwili tu Berlin, Kijerumani changu cha kuokoteza, rafiki yangu akaniambia shuka stesheni ya Bornholmer Straße, panda ngazi, ukitokea juu utaona daraja la chuma, nisubiri hapo. Nikapanda, nikatokea, nikasoma jina la daraja nikashtuka, maana wiki ile ile darasani tulikuwa tumefundishwa neno böse, ambalo ni mbaya, mwovu, mtu mwenye hasira zake. Sasa ndo nini, Daraja Baya? Nikasimama pembeni najiuliza nivuke au nimsubiri tu hapo hapo. Alipofika nikamuuliza, jamaa alicheka mpaka akaegemea chuma. Kumbe Böse ni jina la mtu, na tena mtu mwenyewe hakuwa mbaya hata kidogo. Nitafika kwake.

Niseme mapema, mimi sio mwanahistoria. Mimi ni fundi wa kuchomelea, vyuma ndo vimenilisha tangu nina miaka kumi na tisa, kwa hiyo mahali watu wanapoangalia sanamu mimi naangalia nguzo zimeungwaje. Na hili daraja karibu kila mgeni analifuata kwa ajili ya usiku mmoja, tarehe 9 Novemba 1989, ukuta wa Berlin ulipofunguka, anasoma kibao, anapiga selfi, anaondoka. Huo usiku nitausimulia, siwezi kuuruka, ila daraja lilikuwa limeshakaa pale miaka 73 kabla yake na mpaka leo lipo linapitisha tramu, na kusema kweli inaniuma kidogo kuona mtu anaegemea chuma kama kile huku anasoma maandishi ya bati lililowekwa juzi.

Tuanzie chini, kwenye reli, maana reli ndo zilitangulia. Reli ya kutoka Berlin kwenda Stettin, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Szczecin, ilikamilika 1843, na kipindi hicho upande huu wa kaskazini mji ulikuwa bado haujafika, ni mashamba na mchanga tu, unalaza mataruma yako popote unapotaka hakuna wa kukuuliza. Afu mji ukaja. Berlin ilipita watu milioni moja kwenye miaka ya 1870, na ilipoingia karne ya 20 haikuchukua muda ikapita milioni mbili, majumba ya ghorofa yakajengwa yakabanana huku na huku, na ile reli iliyokuwa porini ikajikuta katikati ya makazi kama mto. Na kama mto, inataka vivuko. Reli moja unaweka geti na mlinzi na bendera yake nyekundu, inatosha. Reli zikiwa nyingi, treni za mbali, za mizigo, za wafanyakazi wa asubuhi, geti linafungwa muda mwingi kuliko linavyofunguliwa, mikokoteni inasubiri, watu wanaamua kukatiza, wanagongwa. Dawa ikawa kupita juu. Sio mbali na pale kuna daraja lingine la chuma lililokamilika 1905, Swinemünder Brücke, wenyeji wanaliita Millionenbrücke, daraja la mamilioni, kwa sababu lilikula karibu maki milioni moja na watu hawakusahau. Nalo ni zuri, mapambo kibao, ila mimi lile linanichosha, lina urembo wa bwana harusi.

Letu lilianza kujengwa 1912. Urefu wake mita 138, chuma chake kimechanganywa na nikeli, jambo ambalo enzi hizo lilikuwa la kisasa kweli kweli, maana nikeli kidogo tu ndani ya chuma inakipa nguvu zaidi bila kukifanya kivunjike kama biskuti, kwa hiyo unaweza kutumia chuma chembamba zaidi kubeba mzigo ule ule. Ukisimama katikati utaona matao makubwa ya chuma yamepanda juu ya barabara kushoto na kulia, wewe unapita katikati yake kama uko ndani ya mbavu za mnyama. Watu wanadhani ni urembo. Hapana. Daraja la juu ya reli lina tabu moja, chini lazima treni ipite, tena enzi zile treni yenye bomba la moshi, na juu huwezi kupandisha barabara iwe mlima maana farasi na mkokoteni wake hawatapanda. Sasa umebanwa katikati, sakafu ya daraja inabidi iwe nyembamba, na ikiwa nyembamba haiwezi kujibeba yenyewe. Basi nguvu yote unaitoa chini unaipeleka juu, unatengeneza tao la pembetatu pembetatu, afu sakafu unaining'iniza kwenye tao. Ukishalielewa hilo hutaliangalia tena daraja la namna hii vile vile, utaona kwamba kinachokubeba kiko juu ya kichwa chako.

Sasa tuje kwenye ribiti, ile misumari minene ya kuungia mabamba ya chuma, hapa nivumilieni, hapa ndo mimi nilipokwama siku ya kwanza mpaka rafiki yangu akachoka kunisubiri.

Daraja lote limeungwa kwa ribiti. Hakuna sehemu ambayo fundi wa zamani alichomelea, maana kuchomelea daraja kubwa wakati ule hakukuwepo. Ni mabamba na engo zimelaliana, zimetobolewa matundu, na kila tundu limefungwa na ribiti yenye kichwa cha duara kama nusu ya limau. Ziko maelfu. Na zile zilizopigwa pale pale darajani ziliwekwa na mikono ya watu, yaani hakuna mashine ilipita pale ikazimwaga. Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wanne hivi kwa kikosi. Wa kwanza anakaa na jiko la mkaa, anapasha ribiti mpaka iive, iwe nyekundu inaelekea rangi ya chungwa, akiona iko sawa anaibana na koleo anairusha, anairusha hewani kweli, mwenzake aliye juu anaidaka kwa ndoo. Mdakaji anaitoa kwenye ndoo anaichomeka kwenye tundu. Wa tatu anakandamiza kichwa chake kwa chuma kizito isirudi nyuma. Wa nne upande wa pili anaipiga, kwa nyundo ya mkono au ile ya upepo, mpaka ncha inalala inafunga inakuwa kichwa cha pili. Sekunde chache tu, maana ikishaanza kuwa nyeusi haifungi tena, umeharibu. Ukikosea kuidaka inaenda chini, na chini kuna reli na kuna watu.

Kinachonifurahisha ni hiki, ribiti inapata nguvu yake ikiwa inapoa. Chuma cha moto ni kirefu kuliko cha baridi, kwa hiyo ikipoa inasinyaa, na ikisinyaa inavuta vile vichwa viwili vielekeane, mabamba yanabanwa yanakuwa kama kitu kimoja. Yaani mafundi wanamaliza, wanashuka wanaenda kulala, kazi inaendelea yenyewe usiku. Kesho yake mkaguzi anapita na kanyundo kadogo, anagonga kichwa kimoja huku kidole chake kiko upande wa pili, iliyobana inalia vizuri, iliyolegea inatoa sauti ya bubu na kidole kinasikia inacheza. Iliyolegea inakatwa, inatobolewa, inawekwa upya. Nilijaribu na mimi, nikatoa funguo mfukoni nikagonga ribiti kama tano hivi, mama mmoja na mbwa wake akanipita akiniangalia kama mtu wa kuripotiwa. Hata hivyo zilikuwa zinalia vizuri, aisee, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Kuna wenzangu wa fani hii watasema ribiti ni ushamba, weldi ni nguvu zaidi, na ni kweli weldi ikipigwa vizuri ni nguvu. Ila Berlin hii hii ilitoa somo ambalo kila fundi angefaa kulijua. Kwenye miaka ya 1930 Wajerumani walianza kuchomelea madaraja makubwa kwa chuma kipya chenye nguvu, na 1936 daraja la treni la kuchomelewa linalopita juu ya Hardenbergstraße, karibu na stesheni ya Zoo, likapata nyufa. 1938, kipindi cha baridi, daraja la barabara kuu pale Rüdersdorf mashariki ya mji nalo likapasuka. Mabamba yalikuwa manene, weldi ikipoa inavuta, chuma hakina pa kukimbilia, baridi ikizidi kinapasuka ghafla kama glasi. Kwenye daraja la ribiti ufa ukianza kwenye bamba moja unafika ukingo wa bamba unaishia hapo, maana bamba la pili ni kipande kingine. Kwenye weldi kila kitu ni kitu kimoja, ufa ukianza una barabara ya kwenda popote. Mimi nakula kwa vijiti vya kuchomelea lakini hapo nainama.

Haya, daraja likafunguliwa Septemba 1916. Hiyo ni katikati ya vita kuu ya kwanza, wanaume wako mitaroni, mjini chakula kinazidi kuadimika, msimu wa baridi uliofuata ndo ule Wajerumani wanauita wa tanipu kwa sababu viazi viliisha watu wakala mizizi ya mifugo. Na jina walilolipa daraja ni Hindenburgbrücke, la jemadari Paul von Hindenburg, ambaye mwisho wa Agosti mwaka huo huo alikuwa ameteuliwa mnadhimu mkuu wa jeshi. Wiki mbili tatu mtu anapata cheo, afu ana daraja. Huyo huyo baadaye akawa rais, na tarehe 30 Januari 1933 ndo aliyemteua Hitler kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali. Hakuwahi kugonga ribiti hata moja pale, lakini jina likakaa miaka 32.

Chini ya daraja mambo yalikuwa yanaendelea. Treni za moshi ni adui mkubwa wa daraja la namna hii kuliko hata magari yanayopita juu, kwa sababu makaa yana salfa, moshi ukipanda unagonga tumbo la daraja, ukikutana na mvuke na umande unatengeneza tindikali, na tindikali inakula chuma taratibu mahali ambapo hakuna anayepaona. Rangi inabanduka, kutu inaingia katikati ya mabamba, kutu inavimba inayasukuma yaachane. Kwa hiyo tarehe 8 Agosti 1924 kwangu mimi ni siku kubwa ya daraja hili ingawa hakuna kibao chake: siku hiyo treni za umeme zilianza kukimbia kutoka Berlin kwenda mji wa jirani wa Bernau, na njia yake inapita hapo hapo chini. Ndo mwanzo wa S-Bahn ya umeme, yaani treni za mjini na vitongojini, treni inachukua moto kwenye reli ya tatu ya pembeni, moshi hakuna. Treni za mbali ziliendelea na makaa yao miaka mingi tu, ila angalau lile daraja lilipunguziwa moshi. Stesheni yenyewe ya Bornholmer Straße ilikuja kufunguliwa Oktoba 1935.

Na joto nalo lisisahaulike. Chuma cha mita 138, ukichukua Januari ya nyuzi 15 chini ya sifuri na Julai ya nyuzi 35, kinarefuka karibu sentimita 8. Nilipiga hesabu kwenye simu nikiwa nimesimama pale pale. Sentimita 8 ni upana wa kiganja. Ukilibana huku na huku litajikunja au litasukuma kuta, kwa hiyo madaraja ya namna hii yanaachiwa nafasi ya kutembea, kila mwaka linaenda na kurudi, watu hawajui.

Vita ya pili ikaisha, mji ukagawanywa kwa mataifa manne. Upande wa magharibi wa daraja, Wedding, ukawa wa Wafaransa, upande wa mashariki, Prenzlauer Berg, wa Wasovieti. Jina la Hindenburg halikufaa tena, na 1948 likabadilishwa likawa la Wilhelm Böse, mkomunisti aliyepinga utawala wa Wanazi na kuuawa nao 1944. Ndo huyo niliyemdhania ubaya. Kwa hiyo daraja moja, ribiti zile zile, kwanza lilibeba jina la aliyemkabidhi Hitler serikali, afu la mtu aliyeuawa na serikali hiyo hiyo. Wajerumani wengi niliowauliza hawakujua Böse ni nani, wawili walikiri kwamba walipokuwa watoto nao walidhani ni Daraja Baya, hapo nikajisikia vizuri.

Tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya mashariki ikaanza kujenga ukuta. Na hapa watu wanachanganya, wanadhani daraja lilizibwa. Halikuzibwa. Liligeuzwa kichujio. Ncha ya mashariki pakajengwa kizuizi, vibanda, taa kali, askari wa mpaka na watu wa usalama, Stasi wenyewe, wakawa wanapitisha waliokuwa na karatasi: wa magharibi wenye kibali cha kutembelea ndugu, na kuanzia 1964 wastaafu wa mashariki nao wakaruhusiwa kwenda kutembea, maana mstaafu akikimbia serikali inaokoa pensheni. Hiyo sikuambiwa na mtu, ndo hesabu yangu mwenyewe, ila nadhani siko mbali. Kijana wa miaka thelathini anayeishi mita mia mbili kutoka darajani hakuwa anavuka. Alikuwa analiona kila siku dirishani.

Chini ndo kulikuwa na kituko zaidi. Reli ziligawanywa, ukuta ukapita katikati yake. Treni za magharibi zikawa zinapita stesheni ya Bornholmer Straße bila kusimama, na treni za mashariki nazo zinapita pembeni bila kusimama, jukwaa liko tupu, nyasi zinaota. Wajerumani waliziita stesheni za mizimu. Nyingine zilikuwa chini ya ardhi, gizani, hii ilikuwa juani, kila mtu anaiona. Afu kuna jambo ambalo nililisoma mara mbili ndo nikaamini: S-Bahn ya upande wa magharibi ilikuwa inaendeshwa na shirika la reli la mashariki, kwa makubaliano ya zamani ya baada ya vita, mpaka Januari 1984. Watu wa magharibi baada ya ukuta wakagoma kuipanda, wanasema kila tiketi ni waya wa miiba. Kwa hiyo jaribu kupata picha, chini ya daraja lililofungwa kwa watu wengi inapita treni ya serikali iliyolifunga, karibu tupu, haisimami kwenye stesheni ambayo ni yake. Zaidi ya miaka 22.

Sasa huo usiku.

Alhamisi tarehe 9 Novemba 1989, saa 12 jioni, kuna mkutano na waandishi wa habari unarushwa laivu. Karibu saa moja kasoro dakika chache, Günter Schabowski, mmoja wa vigogo wa chama kilichotawala mashariki, akatoa karatasi akasoma kwamba wananchi sasa wataruhusiwa kusafiri. Habari ile ilitakiwa itoke kesho yake saa 10 alfajiri, baada ya mipaka kuandaliwa, yeye hilo hakulijua. Wakamuuliza inaanza lini. Akapekua makaratasi, akasema kwa anavyofahamu ni sasa hivi, bila kuchelewa. Basi.

Pale kwenye kizuizi cha Bornholmer Straße, aliyekuwa mkubwa wa zamu ni Harald Jäger, luteni kanali wa Stasi, miaka 46, ameanza kazi pale pale 1964. Alikuwa kantini anakula na tivii inaongea. Akasikia, akaacha chakula, akapiga simu kwa mkubwa wake. Akaambiwa watu warudishwe, waambiwe waje kesho. Mwanzoni walikuwa wachache, baadaye mamia, baadaye barabara yote imejaa magari na watu mpaka hauoni mwisho, wanapiga kelele geti lifunguliwe. Anapiga simu tena. Jibu lile lile. Anapiga tena. Yaani mtu unapiga simu usiku kucha na hakuna mwenye ubavu wa kusema ndiyo wala hapana, kila mmoja anasubiri wa juu yake.

Saa 3 na dakika 20 usiku wakampa mbinu. Wale wanaopiga kelele zaidi waruhusiwe kutoka, ili presha ipungue, lakini vitambulisho vyao vigongwe muhuri juu ya picha, na muhuri ukigongwa juu ya picha maana yake hurudi tena, umeshavuliwa uraia, na wenyewe hawakuambiwa. Mimi nimekaa foleni za viza za kutosha maishani, najua mtu anavyougeuza geuza muhuri kwenye mwanga kujaribu kuelewa amepewa au amenyimwa, kwa hiyo hapa huwa napata baridi. Vijana mume na mke walitoka, wakaangalia angalia upande wa pili, wakarudi, wanataka kwenda nyumbani kwa sababu watoto wamelala peke yao. Wakaambiwa hamuwezi. Mama akaanza kulia. Jäger mwenyewe akaamua wapite, kinyume na amri aliyopewa, na mwenyewe alikuja kusimulia kwamba pale ndo kitu kilianza kukatika ndani yake.

Na ile mbinu ikafanya kinyume, maana waliobaki waliwaona wenzao wanapita, kelele zikaongezeka. Saa 5 kasoro hivi, tivii ya magharibi, ambayo mashariki wengi walikuwa wanaiangalia, ikatangaza kwamba mageti ya ukuta yako wazi kabisa. Hayakuwa wazi. Lakini watu waliosikia wakavaa makoti juu ya nguo za kulalia wakaenda kuona, na walivyoenda wengi ndo yakawa wazi. Saa 5 na nusu Jäger akatoa amri ya kufungua, inanukuliwa kwamba alisema sasa tunaachia mafuriko. Hadi saa 6 na robo watu kama elfu ishirini walikuwa wameshavuka. Mmojawapo usiku ule alikuwa mwanafizikia wa miaka 35 ametoka kuoga sauna na rafiki yake, akavuka, akanywa bia kwa watu asiowajua, akarudi kulala kwa sababu kesho kazi. Angela Merkel.

Kuna wanaomwita Jäger shujaa. Mimi najizuia. Miaka 25 alilifunga lile geti na alilifunga vizuri, na usiku mmoja akalifungua kwa sababu wakubwa zake walimwacha peke yake na umati. Lakini pia silaha zilikuwepo na hakuna aliyepigwa risasi. Kwangu hayo mawili yote yakae.

Kama fundi mimi nilikuwa na swali langu ambalo sijaona mtu analiuliza. Daraja liliweza? Kwa sababu watu wanadhani magari ndo mazito. Chukua Trabant, gari lao la mashariki, lilikuwa na kilo 600 na kitu, linakaa kwenye eneo la mita za mraba tano hivi, gawanya, unapata kama kilo 120 kwa mita moja ya mraba. Sasa weka watu waliobanana, watano kwenye mita moja, kila mtu kilo 70 na koti la Novemba, hiyo ni 350 na zaidi. Karibu mara tatu. Umati wa miguu ndo mzigo mbaya kuliko foleni ya magari, na mbaya zaidi ukiruka ruka au ukitembea kwa mpigo mmoja. Waliolichora miaka ya 1910 walijua, kila mchoraji wa madaraja anauhesabu umati, na usiku ule lile tao la juu ya vichwa vyao lilibeba wote, wanalia wanakumbatiana wanamwaga mvinyo, na ribiti zilizopigwa na watu ambao majina yao hayapo kwenye kibao chochote zilibana vile vile kama siku zilipopoa. Sijui kwa nini hilo linanigusa kuliko hotuba.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Stesheni ilifunguliwa tena Desemba 1990. Tarehe 14 Oktoba 1995 tramu ikaanza kuvuka kwenda magharibi, na hilo nalo lina utamu wake, maana Berlin ya magharibi ilikuwa imeng'oa tramu zake zote, ya mwisho 1967, wakisema ni mambo ya kizamani, mashariki wakabaki nazo labda kwa kukosa hela ya kuzitoa. Miaka 28 baadaye magharibi ikarudishiwa tramu kutoka mashariki, kupitia juu ya daraja hili. Sasa inaitwa M13, na ikipita unasikia sakafu inatikisika kwa chini, mtikisiko mdogo wa kawaida, usiogope.

2009 Merkel alirudi pale akiwa kansela, akavuka kwa miguu na Gorbachev, aliyekuwa kiongozi wa Wasovieti, na Wałęsa wa Poland, kukiwa na mvua na makamera. 2010 ncha ya mashariki ikapewa jina, uwanja wa tarehe 9 Novemba 1989, kuna mabango na kipande cha ukuta. Palipokuwa na vibanda vya kukagulia leo kuna supamaketi na paking yake. Kuna micheri pia, iliyotokana na mchango wa Wajapani, ikichanua mwezi wa nne chini ya daraja panakuwa pinki na watu wanajaa na makamera kuliko hata Novemba.

Juzi nilirudi peke yangu, jioni, na azma ya kuhesabu ribiti za nguzo moja tu ya tao, upande wa kusini, nione zinafika ngapi. Nilianza vizuri, naweka chaki kidogo kila nikifika mia. Nilikuwa nimepita mia nne M13 ikaja, mtoto dirishani akanipungia mkono, nikampungia, nikasahau nilipofika. Baridi ilikuwa imeshaingia kwenye vidole. Nikashuka ngazi kwenda jukwaani, treni ikatokea chini ya daraja, ikapunguza mwendo, ikasimama.